Mrejesho: seti ya kuzamia maji baridi

Niliuliza ninunue seti gani kwa maji ya nyuzi 4 hadi 8. Asanteni sana, nimeshaamua.

Pesa nyingi zimeenda kwenye regyuleta (kifaa cha kuvutia hewa kutoka mtungini), na inastahili. Ni ya diaframu (utando), na hatua ya kwanza, yaani sehemu inayokaa mtungini na kushusha presha, imezibwa maji yasifikie springi. Hewa ikishuka ghafla kutoka presha ya mtungi hupoa mno. Maji yakiganda pale, vali hukwama wazi na hewa humwagika mfululizo. Kwa hiyo nimechukua hatua za kwanza mbili, kila moja na vali yake mtungini: moja ikiganda unaifunga, unavuta ya pili. Mpira wa kujaza hewa kwenye suti na ule wa jaketi la kuelea nimeutenganisha, kila mmoja kwenye hatua yake ya kwanza.

Suti ni kavu (isiyoingiza maji), kofia milimita 7. Glavu nimejaribia kwenye kifungo cha mkanda: zisizokifungua haraka, nimeziacha.