Naomba ushauri: hii senti ni kosa la chapa ama ni shaba imefura tu?

Wazee salamu, mie niko Mombasa nakusanya sarafu kidogo kidogo, sasa kuna jamaa hapa Mji wa Kale ana senti ya Kimarekani ya 1983 ataka hela ndefu eti maandishi yametoka mara mbili. Najua iko ya mwaka huo yenye maandishi maradufu upande wa nyuma na hiyo ni ya kweli, lakini hii yake mistari iko mbele pembeni ya herufi, tena nyeupe nyeupe, na shavuni mwa Lincoln, yule rais mwenye sura upande wa mbele, kuna vivimbe kama malengelenge. Mie nashuku ni zinki inachungulia, manake tangu 1982 hizo senti ni zinki imepakwa shaba nyembamba sana, ikipigwa chapa hupasuka ovyo. Haya, nikiangalia kwa lenzi ya mara kumi nitafute nini hasa? Nikibonyeza kivimbe kwa kijiti cha meno nitaiharibu? Na hizi shilingi zetu za twiga za 2018, chuma kilichopakwa nikeli, nazo hufura hivyo hivyo? Mwenye picha za kulinganisha anirushie tafadhali, jamaa ananisukuma nilipe.