Chapa ya ua la Usambara: tabaka hazilingani, na nakala nizihesabu vipi?

MzawaWaMuheza

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Natengeneza chapa ya ua la Usambara, lile ambalo mtaalamu wa mimea Mjerumani, Hermann Wendland, alilipa jina la Saintpaulia ionantha mwaka 1893, baada ya Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani, kulipeleka Ujerumani kutoka upande wa Tanga. Nimelijua tangu utotoni likiwa limeota kwenye mawe yenye kivuli, kwa hiyo sitaki liwe pambo la ukutani tu. Nataka mtu anayeujua mmea autambue kwa jani lake.

Kazi yangu ina hatua tatu. Kwanza natandaza rangi ya akriliki ya kijani kwa rola juu ya bamba la jelatini, nalaza majani yenyewe, nakandamiza karatasi kwa viganja, kisha nayaondoa majani na kuchapa mara ya pili ili mishipa itokee. Halafu nailowanisha karatasi hiyo ya pamba, nagandisha kipande cha karatasi nyembamba ya zambarau kwa gundi ya unga wa ngano pale petali zitakapokaa, na kuipitisha kwenye mashine ya kuchapia. Mwisho, karatasi ikishakauka, nachapa mistari ya ua kwa lino (kipande cha linoleamu kilichochongwa mchoro) na wino mweusi wa mafuta.

Matatizo ni haya: jani bichi ni nene, tena lina maji, hivyo linaacha ukingo mweupe kulizunguka na mishipa inafifia; na mistari ya lino inaikosa zambarau kwa karibu milimita 3. Isitoshe, katika karatasi 12 nilizochapa hakuna mbili zenye majani yanayofanana. Je, ni halali kuandika 1/12, yaani nakala ya kwanza kati ya 12?

Mchapaji_Mkongwe

Ndugu yangu, usilichonge lino upya kabla hujaangalia mpangilio wa kazi, kwa sababu milimita hizo 3 zinatoka kwenye maji. Karatasi ya pamba ikilowa nyuzi zake huvimba na karatasi nzima hutanuka, na ikikaushwa ovyo hairudi sawasawa mahali pake. Wewe umechapa majani ikiwa kavu, ukaweka zambarau ikiwa imetanuka, kisha ukarudi na lino ikiwa imejikunja tena. Anza na gundi. Gandisha zambarau kwenye karatasi tupu, uilaze kati ya karatasi za kunyonya maji chini ya ubao na uzito mpaka ikauke kabisa na kunyooka, ndipo ufanye jelatini na lino bila kuilowanisha tena. Mchoro wa lino nao unakili kutoka kwenye karatasi iliyokwisha kukauka, wala si kutoka kwenye daftari lako.

Kuhusu jani, kausha kwanza. Alois Auer wa Vienna, aliyepata hataza ya kuchapa mimea yenyewe mwaka 1852, na Henry Bradbury, aliyetoa chapa zake za kangaga wa Uingereza mwaka 1855, walikandamiza mimea mikavu kwenye bamba la madini laini ya risasi, na ndiyo maana mishipa midogo kabisa ilibaki kwenye bamba. Jani lenye nyama kama hilo lako liweke ndani ya magazeti chini ya vitabu vizito, na magazeti uyabadilishe kila siku, la sivyo litaoza kabla ya kukauka.

Bi_Mimea

Naunga mkono, ila naomba niseme jambo kuhusu ua lenyewe. Petali ni tano, na mbili za juu ni ndogo kuliko tatu za chini. Katikati kuna vifuko viwili vya chavua vya manjano. Ukizichonga zote tano kwa ukubwa mmoja, umechora ua jingine. Na majani tafadhali yatoe kwenye chungu cha nyumbani, maana kule msituni mimea hii imebaki katika maeneo machache.

Kuhusu hesabu, 1/12 peke yake humwambia mnunuzi kwamba nakala zote ni sawa, jambo ambalo si kweli hapa. Wachapaji huandika E.V., kifupisho cha Kifaransa cha nakala zinazotofautiana, kisha namba: E.V. 1/12. Kwenye lebo taja jelatini, karatasi iliyogandishwa na lino, kila moja kwa jina lake. Kuandika "mbinu mseto" kunaificha kazi ya mikono yako.

MzawaWaMuheza

Nawashukuru sana. Nimelikausha jani moja la chungu kwa siku tisa, na leo kwa mara ya kwanza vinyweleo vimetokea kwenye ukingo kama vumbi jeupe juu ya kijani. Zambarau nimeigandisha kwanza kama nilivyoelekezwa, na mistari imekaa mahali pake isipokuwa kwenye ncha ya petali moja, ambako nadhani niliukaza ubao upande mmoja kuliko mwingine. Lino nalichonga upya hata hivyo, kwa sababu petali zangu zote zilikuwa na ukubwa mmoja.