Naomba ushauri: picha za sura jimu zinatoka na mistari, macho hayaonekani

Kijana wa Banda
Wakuu, habari za jioni. Najifunza kupiga picha, bado sijaanza kulipwa. Natumia Canon 700D ya mtumba na lenzi ya 50mm f/1.8. Wenzangu wa jimu ya mtaani kwetu wameniomba niwapige, kila mtu na chuma chake. Jimu yenyewe ni banda la bati, vyuma vingi ni makopo yaliyomwagiwa zege, juu kuna tyubulaiti nne, na mlango mmoja mpana unatazama magharibi.

Kinachonishinda kwanza ni macho: taa zinapiga utosini, macho yanabaki mashimo meusi. Halafu nikiweka spidi ya shata 1/500 ya sekunde picha isitikisike, moja inatoka ya njano, inayofuata ya kijani, nyingine ina mkanda wa kiza katikati. Kuna mzee mmoja pale, fundi wa kuchomelea, bado anabeba kuliko vijana. Uso wake ndio hasa ninaoutaka, na ndio nilioukosa. Natanguliza shukrani.

Fundi Umeme
Mkuu, kamera yako nzima. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo hizo tyubulaiti zinawaka na kufifia mara mbili kila mzunguko, yaani mara 100 kila sekunde. Kwa 1/500 unadaka kipande tu cha huo mpwito. Weka 1/100 au 1/50, mistari itakwisha. Na mtu akibeba, usimpige chuma kikiwa njiani. Msubiri kifike juu, pale anapotulia kabla ya kushusha.

Mama Lenzi
Mdogo wangu, zima hizo taa kabisa. Mlango wa magharibi asubuhi ni hazina: jua liko nyuma ya banda, mlangoni unaingia mwanga laini usiochoma. Mkalishe mzee hatua mbili ndani, mwanga umpige ubavuni, kisha mwambie ageuzie uso mlangoni kidogo mpaka uone kinukta cha mwanga kwenye jicho lake. Ukikiona, piga. Upande wa kiza ukizidi, mtundikie shuka jeupe.

Usifungue tundu la lenzi mpaka f/1.8 yote, f/2.8 ni dogo zaidi na inakusamehe akiyumba. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe. Na ngozi nyeusi ndani ya banda la kiza, kamera ikijipimia yenyewe huongeza mwanga kupita kiasi, paji la uso likawa doa jeupe. Punguza kidogo. Jasho la paji na pua lifute, la mabegani liache, maana ndilo linalochora misuli.

Kijana wa Banda
Shikamoo dada, asante sana. Shida ni kwamba asubuhi anakuja mzee peke yake. Wengine wanaingia saa moja usiku.

Mama Lenzi
Marahaba. Basi huyo mzee ni wa kesho asubuhi.

Pembeni Kushoto
Kwa hao wa usiku, azima fleshi moja na triga (kifaa cha kuiwasha kwa mbali), usiifunge juu ya kamera. Iweke ubavuni, juu kidogo ya kichwa chake. Spidi 1/200, f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100. Mwanga wa tyubulaiti hautaonekana, na ndoo na nguo zilizotundikwa ukutani zitapotelea gizani. Usivuke 1/200 kwa kamera hiyo, utapata ukanda mweusi.

Binti Mazoezi
Naongea kama ninayefanya mazoezi: waombe ruhusa na wale wanaoonekana nyuma, hasa kwenye kioo. Nimewahi kujikuta mtandaoni nikiwa nimeinama, na nilihama jimu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mtu huulizwa.

Kijana wa Banda
Mrejesho. Nimetoka huko asubuhi hii. Taa nimezima, spidi 1/100, f/2.8, shuka la mama upande wa kulia. Mzee alishika kopo la zege mapajani, akaniuliza acheke au asicheke, nikamwambia akae anavyokaa. Kovu la cheche shavuni linaonekana, na mlango wote umo ndani ya jicho lake. Ameomba nimsafishie moja, ampelekee mkewe. Dada, ukubwa gani unafaa kutundika ukutani?