Naomba ushauri: mitaro ya mvua na visima vyetu, Lamu

Asalaam aleikum wanajamvi. Mtaani kwetu Langoni masika yakianza, maji yote ya mapaani na vichochoroni hukimbilia kwenye mitaro ya wazi, yakizoa mavi ya punda, plastiki na maji ya makaro yaliyofurika, hadi baharini. Njiani mengine hunywea ardhini, na visima vya watu viko hatua chache tu kutoka hapo. Kinachoniuma zaidi ni watoto wanaochotewa maji hayo.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeikabidhi kaunti mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Kwa hiyo tunataka kupeleka ombi la maandishi kwenye kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Kule Marekani, tangu sheria ya maji safi irekebishwe 1987, miji mingi ni lazima iwe na kibali cha kumwaga maji ya mvua mitoni na baharini, na ionyeshe inavyopunguza uchafu. Sisi tuombe nini kinachowezekana katika vichochoro vyembamba, tena mji wa urithi wa dunia usiochimbwa ovyo?

Mimi naona tuanze na mashimo ya kunasa mchanga na taka kabla mtaro haujafika baharini, mavi ya punda yazolewe kila siku, na maji ya mapaa yaelekezwe kwenye mabirika. Waliowahi kufanya hivi Mombasa au Malindi, nani huzoa tope hilo baadaye? Na maji ya kisima yapimwe wapi?