Natimiza miaka 50, nataka wanangu waone filamu nizipendazo. Nianze na ipi?

Mama Watatu
Salaam kwenu nyote. Baada ya wiki sita natimiza miaka 50, Mungu akijalia. Wanangu watatu (wa kwanza ana 24, kitinda mimba ana 15) wameniuliza wanipe zawadi gani. Nikawaambia sitaki kitu cha kununua, nataka jioni kumi. Kila jioni tukae sebuleni tutazame filamu moja ninayoipenda mimi, simu zibaki chumbani. Wote wamekubali. Kilichonishinda ni kuchagua.

Niliandika majina 31. Nimekata mpaka yamebaki 14, hapo nimekwama. Zimo 12 Angry Men ya 1957, Ikiru ya Akira Kurosawa ya 1952, Yeelen ya Souleymane Cissé ya 1987, Cinema Paradiso ya 1988. Na imo Tokyo Story ya Yasujirō Ozu, ya 1953. Nikiambiwa nibaki na filamu moja maisha yangu yote, nitabaki na hiyo.

Niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka 22. Niliona wazee wawili wanaowatembelea watoto wao mjini, watoto hawana nafasi nao, basi. Nikairudia nikiwa na 41, mwaka mmoja baada ya kumzika mama. Kuna mahali watoto wamewapeleka wazee kwenye mji wa pwani wenye chemchemi za maji moto, ili tu wawapishe nyumbani. Asubuhi wazee wamekaa kwenye ukuta kando ya bahari, wanakubaliana kurudi kwao. Yule mama anapoinuka anashikwa na kizunguzungu, anatulia kidogo, kisha anamfuata mumewe. Nikiwa na 22 sikukiona kabisa kile kizunguzungu. Nikiwa na 41 nilisimamisha filamu nikalia, kwa sababu mama yangu naye aliwahi kuinuka vile mbele yangu, nami nikaendelea na shughuli zangu.

Sasa hofu yangu. Miaka miwili iliyopita niliwawekea Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica. Haikufika nusu saa, kitinda mimba kasinzia, na wa kati mwanga wa simu unaonekana chini ya shuka. Niliumia sana, nikaizima, na hatukuizungumzia tena.

Naomba ushauri. Nichague ninazozipenda mimi au watakazozivumilia wao? Niwaeleze kabla ya kuanza au ninyamaze? Na ya kwanza iwe ipi?

Babu Sinema
Hongera dada, na Mungu akufikishe. Mimi nilifanya jambo hili nilipotimiza 60, nikaliharibu kwa mdomo wangu. Kila baada ya dakika kumi nasimamisha: tazameni hapa, sikilizeni hapo. Mjukuu wangu akaniambia, "Babu, tuache tuone wenyewe." Alisema kweli, na mpaka leo namshukuru.

Anza na 12 Angry Men. Ni dakika 96 tu, na mapema kabisa wazee 12 wa baraza la mahakama, waliofungiwa chumbani waamue kesi ya mauaji, wanapiga kura: 11 wanasema kijana ana hatia, mmoja anakataa. Mtoto wa 15 atataka kujua huyo mmoja atafanyaje. Mwongozaji Sidney Lumet alifanya kitu kizuri mno pale. Kadiri mjadala unavyokaza, alitumia lenzi ndefu zaidi na zaidi, zile zinazovuta vya nyuma vionekane karibu, na kamera ikashuka kutoka juu ya usawa wa macho mpaka chini yake. Ndiyo maana kuta zinaonekana kusogea na dari inaanza kuwaelemea. Lakini hilo waambie filamu ikiisha, siyo kabla. Ukilisema mapema watakaa kuitazama kamera badala ya watu.

Lenzi Ndefu
Dada, Tokyo Story itoe kwenye orodha ya safari hii. Najua inauma. Ni saa mbili na robo za utulivu, lakini hata urefu siyo hoja yangu. Wewe mwenyewe umesema ukiwa na 22 hukukiona kile kizunguzungu. Utamdaije mtoto wa miaka 15 akione? Akisinzia utaumia tena kama mara ile, na safari hii utaumia siku za furaha yako.

Binti wa Mwisho
Shikamoo mama. Mimi naongea kwa upande wa watoto. Baba yetu alituonyesha Sholay ya 1975, filamu ya zaidi ya saa tatu, kwa sababu aliiona akiwa kijana. Mapigano nimeshayasahau karibu yote. Ninachokumbuka ni baba akitamka maneno ya Gabbar Singh, yule jambazi wa filamu, sekunde moja kabla Gabbar hajayatamka, uso wake umekuwa wa kijana wa miaka 16 ambaye sikuwahi kumjua. Nilimtazama yeye kuliko runinga.

Kwa hiyo mama, usizipange kwa ubora, wala kwa mwaka zilipotengenezwa. Zipange kwa umri uliokuwa nao ulipoziona. Ya utotoni iwe ya kwanza, halafu ya ujanani, mpaka ufike ulipo leo. Usiwaeleze filamu inahusu nini. Waambie tu ulikuwa na miaka mingapi na ulikaa na nani.

Na nina swali. Katika zile 17 ulizokata, ni ipi uliikata kwa sababu uliona aibu?

Mama Watatu
Marahaba mwanangu. Umenishika pabaya. Nilikata Enter the Dragon, ile ya mapigano ya Bruce Lee.

Nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa kanda ya video kwa jirani, watoto tumejaa sakafuni, picha ina mistari juu mpaka chini. Nilimkalia kaka yangu miguuni, na stelingi alipoingia kwenye kile chumba cha vioo kaka alinifumba macho kwa kiganja, nami nikachungulia katikati ya vidole vyake. Wiki nzima nilikuwa narusha mateke ukutani. Niliikata nikidhani mtu wa miaka 50 anatakiwa aonyeshe kazi nzito nzito.

Babu Sinema
Irudishe leo hii! Wala usiione nyepesi. Bruce Lee alifariki tarehe 20 Julai 1973 akiwa na miaka 32, na filamu ikaanza kuonyeshwa Marekani mwezi uliofuata. Hakuona namna dunia ilivyompokea. Na kile chumba cha vioo, ambamo hujui yupi ni mtu na yupi ni kivuli, kimeigwa mara nyingi sana tangu hapo. Namuunga mkono binti, anza na hiyo. 12 Angry Men itafuata.

Mtazamaji Kimya
Kwa siku yenyewe ya kuzaliwa nina pendekezo. Mwaka 1964 runinga ya Uingereza ilitengeneza Seven Up! kuhusu watoto 14 wenye miaka saba. Baada ya hapo Michael Apted, aliyekuwa mtafiti katika ile ya kwanza, akawarudia kila baada ya miaka saba, mpaka 63 Up ya 2019. Tafuta 49 Up ya 2005, uitazame peke yako asubuhi hiyo kabla ya wanao kuamka. Ni watu wa umri wako wanaulizwa maisha yamekwendaje, na unawaona walivyokuwa wadogo. Hiyo usimwekee mtu mwingine.

Mama Watatu
Asanteni sana, nimezisoma zote zaidi ya mara moja. 49 Up nimeitafuta na nimeipata. Tokyo Story sitaitoa, Lenzi Ndefu unisamehe, ila nimeiweka ya kumi na nimewaambia jioni hiyo anayetaka kulala akalale. Mimi nitaitazama hata nikiwa peke yangu.

Jana tumeanza na Enter the Dragon. Nilisema maneno mawili tu: miaka tisa, na kaka. Tulipofika chumba cha vioo nilijikuta nimeinua mkono usoni bila kujua, vidole vimeachana. Kitinda mimba akaniona. Filamu ilipoisha akaomba turudishe nyuma pale pale. Akaja akakaa mbele yangu sakafuni, akaushika mkono wangu akauweka machoni pake, akasema, "Haya, cheza."

Baadaye tulimpigia mjomba wao. Kitinda mimba aliongea naye kuhusu vile vioo kwa nusu saa nzima.