Ugonjwa wa damu umemrudia mbwa wetu hapa Malindi, naomba ushauri

Kijana wa Muyeye

Assalaam alaikum, na hamjambo nyote.

Tuna mbwa wa ulinzi nyumbani, anaitwa Jasiri, mama yake wa kienyeji na baba yake Alsatian. Mwaka jana masika yalipokwisha alianza kulala mchana kutwa, chakula akikinusa anakiacha. Daktari wa mifugo alipomfunua mdomo tukaona fizi nyeupe, na macho yameingia umanjano. Kipimo cha wingi wa chembe nyekundu, wenyewe wanakiita PCV, kilisoma 14, na mbwa mzima huwa baina ya 37 na 55. Tukaambiwa kinga ya mwili wake ndiyo inayoziharibu chembe nyekundu za damu yake mwenyewe. Akaanzishiwa predinisoloni, dawa ya kuituliza hiyo kinga, akachomwa na sindano ya maradhi ya kupe, na alhamdulillahi alipanda mpaka 41. Dozi ikawa yashushwa kidogo kidogo kwa amri ya daktari.

Sasa umerudi. Juzi alfajiri nilimtoa uani akakojoa kwenye sakafu ya chokaa, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Nikamwinua mdomo wa juu penye mwanga wa mlango: ufizi umepauka, na nikiubonyeza kwa kidole wekundu unachelewa kurudi. Daktari amempandishia tena dozi, na damu imepelekwa Mombasa kupimwa.

Nina mambo matatu yananikera roho. Kwanza, kurudi huku ndiyo kusema dawa imeshindwa? Mtaani kila anayepita ananiambia apigwe sindano apumzike, na mimi mnyama huyu nampenda, amelinda nyumba yetu tangu baba alipofariki. Pili, sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa kwetu ni najisi. Kumtia vidonge mdomoni kila siku, kisha kuosha mkono mara saba na udongo, mama anaona ni mazito. Tatu, joto hili la kaskazi. Anahema hata akiwa amelala.

Aliyepitia haya anisaidie.

Mzee wa Barani

Pole mwanangu. Nitakujibu la pili, mengine wako wanaoyajua.

Mbwa wa ulinzi hana ubaya kufugwa, na kumtibu ni katika haki yake juu yenu. Katika Bukhari imo hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mungu akamsamehe. Masahaba walipouliza kama wana ujira kwa wanyama, Mtume akawajibu kuwa kila chenye ini bichi kina ujira.

Ama najisi, kikavu kikigusa kikavu hakuna kitu. Tatizo ni mate. Kidonge kifiche ndani ya kipande cha ini au cha samaki asiye na miba, umtupie adake mwenyewe. Siku akikataa, vaa glavu, kisha uitupe. Mama hana haja ya kuingia kabisa.

Tabibu wa Wanyama

Glavu alizozitaja Mzee zina faida nyingine. Kijana, huenda daktari wako akaongeza dawa ya pili ya kutuliza kinga, nayo mara nyingi huku kwetu ni azathiopirini. Ile haishikwi kwa mkono mtupu, haivunjwi wala haisagwi, na mwanamke mjamzito asiiguse. Ikianza, damu na ini vipimwe mara kwa mara, kwa sababu inaweza kuugusa uboho.

Nije kwenye swali lako la kwanza, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. La, kurudi si kusema dawa imeshindwa. Mbwa aliyeitikia predinisoloni mara ya kwanza ana nafasi nzuri ya kuitikia tena. Ugonjwa huu hurudi kwa baadhi ya mbwa, na mara nyingi hurudi wakati dozi inashushwa, kwa kuwa hapo ndipo inapojulikana kama kinga imetulia kweli au ilikuwa imezuiwa tu. Kinachofanywa ni kurudi kwenye dozi iliyokuwa ikimweka sawa, kumsubiri apande, kisha kushuka polepole kuliko mara ya kwanza. Utaratibu wa kawaida ni kupunguza kama robo ya dozi kila baada ya wiki tatu hivi, na kila mara PCV ipimwe KABLA ya kupunguza. Kipimo kikiwa kimeteremka, dozi haiguswi. Matibabu yote huchukua miezi mingi, minne hadi minane ni jambo la kawaida, na wako wanaobaki na dozi ndogo maisha yao yote wakaishi vizuri.

Lakini kabla ya hayo mtafute aliyeuamsha. Hapa Pwani mtuhumiwa wangu wa kwanza ni kupe. Kupe huleta babesia, kijidudu kinachoingia ndani ya chembe nyekundu zenyewe na kuleta ugonjwa, na mbwa aliyewahi kuupata anaweza kubaki nao umejificha. Kinga ikishushwa kwa dawa, unapata nafasi ya kutoka tena. Omba damu isambazwe kwenye kioo itazamwe kwa hadubini, na ikiwezekana ichukuliwe ya tone la kwanza la sikioni, huko babesia huonekana kwa urahisi zaidi. Kama ni yeye, predinisoloni peke yake haitatosha.

La mwisho kwa leo: asipewe dawa yoyote ya maumivu ya binadamu. Diklofenaki au ibuprofeni pamoja na predinisoloni hutoboa tumbo. Paracetamol nayo huharibu chembe nyekundu, na yeye hana za kupoteza.

Mama Tuli, Kilifi

Mimi nilipitia, na nitakwambia ukweli wote.

Mbwa wangu wa kwanza alipona, ukamrudia, akapona tena, akaishi miaka, akafa kwa uzee. Wa pili alikuwa anapanda vizuri, fizi zimerudi rangi, tukashangilia. Usiku mmoja akaanza kuhema kwa kasi, shingo kainyoosha, hataki kulala ubavu. Asubuhi hatukuwa naye. Daktari alisema damu iliganda ikaziba mapafuni, na kwamba ndilo linalowaua wengi katika wiki za mwanzo, zaidi hata ya upungufu wa damu wenyewe. Basi muulize daktari wako kuhusu dawa ya kuzuia damu isigande, klopidogreli. Tafadhali muulize leo, usingoje.

Kuhusu maji: anakunywa sana na kukojoa sana kwa sababu ya predinisoloni. Usimpunguzie maji hata tone. Mwekee karai mbili kivulini, na umtoe usiku kabla hujalala. Na njaa ile ni ya dawa pia, akiifuata atanenepa.

Fundi Mashua

Kuna jambo watu hawalijui. Jirani yangu mbwa wake alipungukiwa damu vivyo hivyo, wakahangaika na kupe, mwisho picha ya tumbo ikaonyesha nati. Daktari akaeleza kuwa vyuma vilivyopakwa zinki, kama misumari na nati tunazotumia kwenye mashua, zikikaa tumboni zinki huyeyuka na kuvunja chembe za damu. Zikatolewa, akapona. Kama uani kwenu kuna mabaki ya ujenzi, okota.

Tabibu wa Wanyama

Fundi umesema kweli. Niongeze la jikoni: vitunguu. Kitunguu maji na kitunguu thomu, vibichi au vilivyopikwa, vyote huharibu chembe nyekundu za mbwa. Nyumba zetu hakuna chakula kisicho navyo, mchuzi, pilau, biriani, hata maharage ya nazi. Kwa mbwa mzima kidogo kinaweza kupita, lakini kwa Jasiri sasa, mabaki ya sufuria yakome. Mpikie wali na nyama au samaki bila kiungo.

Kuhusu joto, mbwa mwenye damu chache hana hewa ya kutosha hata akiwa kivulini. Mweke sakafu ya saruji inayopitiwa na upepo, asifungwe mnyororo juani, matembezi yawe ya kwenda haja tu. Lakini akihema kwa kasi ilhali amepumzika na mahali pana baridi, usiseme ni joto. Mpeleke.

Kijana wa Muyeye

Mungu awalipe. Majibu ya Mombasa yametoka: PCV 19, na babesia imeonekana. Amechomwa imidokabu, dawa ya kuua babesia, atarudia baada ya wiki mbili. Klopidogreli nimeuliza, ameanzishiwa. Na mlinzi wa nyumba ya jirani nimemwomba asimtupie tena mabaki ya hotelini, kumbe alikuwa akimpa kila usiku kwa mapenzi yake.

Nilisahau swali moja. Chanjo ya kichaa cha mbwa inakaribia kuisha. Achomwe? Na wale wanaosema apumzishwe, nitajuaje kama wakati umefika?

Tabibu wa Wanyama

Hapo nimefurahi, maana sasa mnajua mnapigana na nani. Kila baada ya imidokabu atatoa mate na pengine kutapika kwa muda mfupi, msishtuke.

Chanjo, asichomwe sasa akiwa kwenye dozi kubwa. Kinga iliyotulizwa haiitikii vizuri, na hatutaki kuichokoza. Panga na daktari achomwe dozi ikishafika chini na PCV imetulia. Lakini isiachwe kabisa. Kichaa cha mbwa kipo na kinaua watu, na nchi yetu imejiwekea lengo la kuvimaliza vifo hivyo ifikapo 2030. Mpaka hapo abaki ndani ya ua, asichangamane na mbwa wa mitaani.

Kuhusu kumpumzisha, mimi hutazama anachokifanya mbwa, si majibu ya maabara peke yake. Anasimama ukifika? Anakula? Analala bila kuhangaikia pumzi? Kama matatu hayo yapo, hata PCV ikiwa 19, huyo bado yuko vitani na anastahili kupewa nafasi. Yakikosekana kwa siku kadhaa huku dozi kamili inaendelea, damu inashuka na hakuna wa kumtolea damu, basi kumwachia si kumtupa. Kuongezewa damu ya mbwa mwingine mzima kunawezekana, kwa mara ya kwanza kwa kawaida huenda salama, kwa hiyo mtafuteni mapema mbwa mkubwa, mwenye afya, aliyechanjwa, asiye na kupe.

Kijana wa Muyeye

Anasimama. Na jana alimbwekea mwendesha bodaboda mpaka akarudi kinyumenyume. Mbwa wa kutoa damu nimepata ahadi kwa rafiki yangu wa Watamu, ni mkubwa na amechanjwa, kesho anapelekwa kupimwa babesia. Ijumaa ndiyo PCV nyingine ya Jasiri, nitaiandika hapa.