Ushauri: siku nne za gofu na bia za viwanda vidogo mwezi wa saba, tutoke Lubumbashi twende wapi?

Mwana_wa_Kafubu

Jambo yenu wote. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kutembea.

Yaya yangu (ndugu yangu mkubwa) anaishi Liège na mwaka huu anakuja nyumbani vakansi, atafika katikati ya mwezi wa saba. Anapenda vitu viwili kupita vyote: gofu, na zile bia zinazopikwa na viwanda vidogo. Huko Ubelgiji Jumamosi yake iko hivi: asubuhi mashimo 18, mchana anakaa kwenye kiwanda cha kijiji fulani akionja bia ambazo hazifiki dukani. Nataka nimpe kitu cha namna hiyo upande wetu huu. Siku nne, tukijibana sana tano. Tutakuwa watatu: yeye, mimi na mke wangu. Mke wangu hachezi, na sitaki ashinde kwenye kiti cha klabu akitusubiri.

Yaya anataka Cape Town. Mimi nafikiria Zambia, kwa sababu gari ninalo na barabara naijua mpaka Kitwe. Ninyi mngefanya nini?

Simba_Baridi

Cape Town mwezi wa saba? Hapana, ndugu yangu. Kiangazi chetu ndicho majira yao ya mvua. Huku Lubumbashi vumbi linapanda mpaka kwenye miembe, kule wanavaa makoti ya mvua, upepo unatoka baharini na mpira unaenda unakotaka wenyewe. Utalipa tiketi ghali ukatazame mvua dirishani.

Safari hiyo iwekeni kwa Desemba mpaka Februari, hapo ndipo kule kunapendeza. Na msibaki Cape Town tu, shikeni barabara ya pwani mpaka George na Knysna. George kuna Fancourt, uwanja ambako Kombe la Marais (Presidents Cup, gofu ya timu ya Marekani na timu ya mataifa mengine nje ya Ulaya) la 2003 liliisha sare: Tiger Woods na Ernie Els walicheza mashimo ya ziada mpaka giza likaingia, ikabidi timu zote mbili zigawane kombe. Knysna ndiko Lex Mitchell alikoanzisha kiwanda chake kidogo cha bia mwaka 1983, wakati nchi nzima ilikuwa inakunywa bia ya kampuni moja kubwa. Mtu anayependa bia za namna hiyo na anayecheza gofu atafurahi kule kuliko popote kusini mwa Afrika. Lakini si mwezi wa saba, na si kwa siku nne.

Mutoto_wa_Kipushi

Johannesburg basi. Ndege inatoka hapa moja kwa moja, hakuna kuzunguka. Ukishuka, kodi gari, saa mbili hivi uko Sun City. Kuna viwanja viwili pale, na ule wa Lost City una mamba kwenye shimo la 13, mamba wa kweli, na kijani chake (zile nyasi fupi zinazozunguka shimo) kimechongwa kwa umbo la ramani ya Afrika. Bia za viwanda vidogo zimejaa Gauteng nzima, mkoa wa Johannesburg.

Simba_Baridi

@Mutoto_wa_Kipushi ni kweli, lakini mwambie pia kwamba mwezi wa saba kule asubuhi kuna jalidi na nyasi zote zimekuwa kahawia. Mchana jua ni zuri. Mtu aliyezoea viwanja vya Ubelgiji atashangaa kidogo.

Mutoto_wa_Kipushi

Nyasi kahawia, sawa. Mpira unakimbia zaidi!

Kedi_wa_Zamani

Mdogo wangu, nimebeba fimbo za watu kwa miaka mingi kwenye uwanja wetu wa hapa, wacha niseme la kwangu.

Kabla ya safari yoyote mpeleke yaya wako acheze hapa Lubumbashi asubuhi moja au mbili. Ametoka kwenye nyasi nzito zilizolowa mvua, na huku mwezi wa saba ardhi ni ngumu. Mpira ukitua unaruka mbele. Mtu asiyejua hilo anapiga fimbo ndefu kuelekea kwenye kijani, mpira unatua vizuri kabisa halafu unapita mpaka nyuma kwenye majani makavu. Afundishe mkono wake kutua mapema na kuuacha mpira utembee. Kedi wa hapa atamwonyesha pa kutua, amsikilize.

Pili, abebe karatasi ya handikapu yake (hesabu inayoonyesha kiwango cha mchezaji) kutoka klabu ya Ubelgiji, nawe chukua yako kwa katibu wa klabu. Tangu 2020 hesabu ya handikapu ni moja dunia nzima, kwa hiyo karatasi ya Liège inasomeka Ndola bila maelezo.

Tatu, kwa gofu peke yake usiende mbali. Zambia yote ya shaba imejaa viwanja vilivyojengwa na migodi: Chingola kuna Nchanga, Kitwe kuna Nkana, Luanshya kuna Roan Antelope, halafu Ndola. Uwanja wa Ndola una vichuguu vya mchwa katikati ya njia ya kuchezea, virefu kuliko nyumba. Hapa Katanga vichuguu vile tunavichimba tufyatue matofali, kule wameviacha na unapiga mpira kuvizunguka au juu yake. Mgeni kutoka Ulaya hajawahi kuona kitu kama hicho. Huyo yaya wako atakisimulia Liège mpaka wachoke.

Mwana_wa_Kafubu

Aksanti sana, mzee wangu. Vichuguu vile hata mimi navitaka. Na bia je? Ndola nitampa nini zaidi ya Mosi?

Fundi_Kimea

Hapo ndipo penye tatizo la Copperbelt, hiyo Zambia ya shaba. Gofu iko tele, lakini bia ni za kampuni kubwa, na Mosi ni bia nyepesi ya kawaida, ndugu wa Simba yetu. Kitwe ina historia yake, maana ndiko Chibuku, bia nzito ya nafaka ya kienyeji, ilikoanza kupikwa kiwandani miaka ya 1950. Lakini Chibuku sicho anachokitafuta.

Ninapika bia kidogo nyumbani, kwa hiyo jambo hili ninalifuata. Jibu langu ni maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria Falls). Upande wa Zimbabwe, mjini Victoria Falls, kuna kiwanda kidogo kinaitwa River Brewing. Wanapika palepale, wanauza palepale. Na mji huohuo una uwanja wa Elephant Hills, mashimo 18, umechorwa na Gary Player. Ngiri wanapiga magoti kwenye njia ya kuchezea wakila nyasi, swala wanakatiza mbele yako, na kwenye madimbwi mna mamba. Mpira ukiingia karibu na maji, uuache. Upande wa Zambia, Livingstone, kuna uwanja mwingine wa tangu ukoloni. Kwa hiyo mna viwanja viwili, kiwanda kimoja na maporomoko, na vyote hivyo mnavifikia kwa taksi. Mke wako hatakaa kwenye kiti cha klabu hata dakika moja. Na mwezi wa saba ni kiangazi kama hapa: asubuhi baridi, mchana jua safi, maji bado mengi lakini moshi wake wa matone umepungua kiasi unaona ukuta wote wa maporomoko.

Sasa kuhusu kuonja. Msifanye kama tunavyofanya hapa, kuagiza chupa kubwa na kukaa nayo. Ombeni glasi ndogondogo, mwanze na nyepesi mmalizie na nyeusi au ile chungu zaidi. Ukianza na chungu ulimi umekufa, zinazofuata zote zitakuwa maji. Na msipange kurudi na mzigo. Bia nyingi za viwanda vidogo hazichujwi wala hazipashwi moto kuua hamira, kwa hiyo safari ndefu kwenye buti la gari inaziharibu. Ndiyo maana watu wanazifuata zinakopikwa.

Na neno moja la mwisho, ambalo naliona muhimu kuliko yote niliyosema. Yaya wako amezaliwa hapa. Kabla hamjavuka mpaka, mtafutieni munkoyo uliopikwa vizuri. Uji wa mahindi unachemshwa, unaachwa mpaka uwe vuguvugu, ndipo mizizi iliyopondwa inatiwa ndani. Kaa hapo utazame: uji uliokuwa mzito unalegea wenyewe mbele ya macho yako na kuwa kinywaji, kwa sababu mizizi ile ina kitu kinachovunja wanga, kazi ileile ambayo kimea kinaifanya kwenye bia ya Ubelgiji. Kesho yake umechachuka kidogo, na ladha yake iko karibu na zile bia chachu za Brussels ambazo Wabelgiji wanajivunia. Mpe hiyo kwanza, kisha bia yetu ya Tembo, baridi, kwa ajili ya kukumbuka nyumbani, ndipo mwende zenu.

Mama_Kasumbalesa

Mwanangu, wanaume hawa wamekwambia nyasi na mamba, hakuna aliyekwambia mpaka. Mimi ninapita Kasumbalesa kwa biashara, nisikilize.

Kutoka hapa mpaka mpakani ni chini ya kilomita 100, lakini usihesabu kilomita. Malori ya shaba yanapanga mstari mrefu na gari dogo linapenya pembeni kwa uvumilivu. Toka nyumbani alfajiri, ufike mpakani mapema. Ukifika mchana umepoteza siku nzima ya gofu.

Karatasi: paspoti zenu wote, kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano kwa kila mtu, karatasi za gari, na ile bima ya COMESA inayokubalika nchi zote mbili. Viza mzimalize kwa konsula ya Zambia hapa mjini kabla yaya wako hajatua. Yeye ana paspoti gani? Kama ameshachukua ya Ubelgiji, masharti ya viza yake na yenu ni mambo mawili tofauti. Na mkitaka kuvuka daraja kwenda Zimbabwe kunywa hiyo bia halafu mrudi nyumbani kwa njia ya Zambia, viza ya kuingia mara moja haitawafaa. Imekwisha mkishapiga hatua upande wa pili. Ombeni ya kuingia zaidi ya mara moja.

Jingine: Zambia wanaendesha upande wa kushoto. Kila ukitoka kwenye sheli au hotelini, mke wako akukumbushe kwa sauti. Na anayeonja bia hagusi usukani, polisi wa kule wana vipima pumzi.

Mwana_wa_Kafubu

Mama, aksanti mingi. Yaya bado ana paspoti ya Kongo, nimemuuliza leo. Viza nitaanza wiki hii.

@Fundi_Kimea umenishika. Lakini kutoka hapa mpaka Livingstone kwa gari si siku mbili? Nikitoa kwenda na kurudi ninabaki na nini?

Fundi_Kimea

Kwa gari mpaka mwisho, usijaribu. Baada ya Ndola bado una zaidi ya kilomita 300 mpaka Lusaka, na kutoka Lusaka mpaka Livingstone kama 470 nyingine. Endesheni mpaka Ndola tu, gari mliache hotelini, kisha mpande ndege ya ndani kupitia Lusaka. Proflight wanaruka njia hizo zote mbili. Ulizeni tu mapema uzito wa mizigo na mfuko wa fimbo, maana ndege zenyewe ni ndogo. Mkiona shida, acheni fimbo zenu Ndola na mkodi Elephant Hills.

Kedi_wa_Zamani

Akodi, sawa, lakini viatu vyake na glavu abebe. Fimbo ya kukodi unaizoea kwa mashimo matatu, kiatu kisicho chako hukizoei kamwe.

Mutoto_wa_Kipushi

Bado nasema Johannesburg ni rahisi zaidi. Ndege moja, hakuna mpaka wa malori.

Mama_Kasumbalesa

Ni rahisi, ndiyo. Lakini huyu mtu anatoka Liège, mji mkubwa na barabara nzuri anazo. Mpeni maporomoko.

Mwana_wa_Kafubu

Nimekaa na mke wangu jioni hii, tumekubaliana hivi. Siku tano, si nne.

Jumatano tunatoka alfajiri, tunapita mpaka, tunalala Ndola. Alhamisi asubuhi yaya na mimi kwenye vichuguu, mke wangu anataka kuona mahali ilipoanguka ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, mwaka 1961, ni karibu na mji, na mchana tunapanda ndege. Ijumaa ni ya maporomoko kwa wote watatu, hakuna gofu, hilo mke wangu amelisema na halibadiliki. Jumamosi asubuhi Elephant Hills, jioni glasi ndogondogo kuanzia nyepesi kwenda nyeusi. Jumapili tunarudi mpaka Ndola, tunachukua gari na kuingia Lubumbashi usiku.

Wiki moja kabla ya hapo, asubuhi mbili na kedi hapa mjini. Munkoyo, mama mkwe amesema atapika mwenyewe.

Mama_Kasumbalesa

Vyote vizuri isipokuwa Jumapili. Ndege ikichelewa Lusaka mtafika mpakani giza limeingia, na kutoka Kasumbalesa kuja huku usiku, kati ya malori yasiyo na taa za nyuma, sikubali. Laleni Ndola au Chingola Jumapili, mpite mpaka Jumatatu asubuhi. Mwombe bosi wako nusu siku.

Mwana_wa_Kafubu

Sawa mama. Tutalala Chingola, na nusu siku ninaiomba kesho.

Kedi_wa_Zamani

Kama mnalala Chingola, mkifika mapema Nchanga ina mashimo tisa ya jioni yanawangoja.